Weusi wa Ribiti ya Tatu

Kuna watu wakiona doa hutafuta kitambaa, na kuna wengine wakiona doa huuliza limetoka wapi. Mkaguzi alikuwa wa hao wa pili, na tabia hiyo ilikuwa imeshamponza si mara moja. Nyumbani aliwahi kuunguza sufuria mbili kwa wiki moja kwa sababu alikuwa ameinama kusikiliza kwa nini mfuniko unalialia upande mmoja tu. Mumewe alishazoea. Kazini nako walizoea, wakambandika jina la Bi Tochi, kwa kuwa tochi yake haikumtoka mkononi hata saa ya chai.

Asubuhi hiyo Bi Tochi alikuwa juu ya jukwaa la magurudumu, chini ya tumbo la ndege ya abiria iliyoingizwa karakanani kwa ukaguzi mkubwa. Mbele ya pua yake palikuwa na kona ya mlango wa mizigo. Kona za milango ya ndege zina shida zake. Ndege ikipaa, hewa hushindiliwa ndani na bodi hufura kidogo; ikishuka, hunywea. Kufura na kunywea huko, maelfu kwa maelfu ya safari, bati la alumini hukubeba bila kulalamika, ila penye kona ndipo mzigo hujikusanya. Ufa ukitaka kuzaliwa, huzaliwa hapo. Ndiyo maana kitabu cha mtengenezaji kinataka kona hizo zitolewe rangi na kupimwa, moja baada ya nyingine.

Yeye hupenda kutazama kabla rangi haijatolewa. Hakuna aliyemwagiza, ni udadisi wake tu. Safu ya ribiti, vile vijipini vifupi vinavyobana bati na bati, ilipita sentimita chache kutoka ukingo wa mlango. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu ilikuwa na weusi: mchirizi mwembamba, mfupi kama ukucha, ukielekea nyuma, uelekeo ule ule wa upepo.

Aliugusa. Ncha ya glavu ikaondoka na kitu kama masizi.

"Wewe nawe umetoka wapi?" aliuuliza mchirizi, kwa sauti, kama kawaida yake.

Ribiti iliyobana vizuri haitoi kitu. Ikitoa vumbi jeusi, basi inasuguana na bati, na ikisuguana, kuna kitu kimelegea mahali. Aliandika kwenye kijidaftari chake, "ribiti ya tatu, weusi, kwa nini?", kisha akahamia ubavu wa pili wa ndege ili fundi apate nafasi ya kutoa rangi.

Na fundi mwenyewe alikuwa baba mkwe wake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mambo.

Mzee yule alikuwa na miaka thelathini na moja katika karakana ile, na mafundi wote walimwita Kioo, kwa sababu bati likipita mikononi mwake mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Kazi yake haikuwahi kurudishwa. Hata mara moja. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili astaafu, na wenzake walishaanza kulipigia hilo debe katika mipango ya kumuaga: miaka thelathini na moja, hakuna kazi iliyorudi. Mzee alijitia hasikii, lakini kila mtu aliona jinsi kifua kilivyomjaa. Mwenye muhuri wa kuirudisha kazi yake katika siku hizo kumi na mbili alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa mke wa mwanawe.

Wakwe hawa walikuwa wameshapata namna ya kuishi. Jumapili nyumbani mzee alikuwa "baba" na Mkaguzi "mama", na mkamwana alisikiliza habari za gari bovu la mzee toka mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Karakanani ilikuwa "Fundi" na "Mkaguzi", basi. Hakuna aliyebeba la nyumbani kulipeleka kazini wala la kazini kulipeleka nyumbani, na heshima ikabaki mahali pake.

Saa nne alirudi kwenye ile kona. Rangi ilikuwa imetoka yote na bati lilikuwa linang'aa mpaka akaiona tochi yake mwenyewe ikimmulika. Mchirizi haukuwepo.

Alipaka dawa nyekundu, ile nyepesi kuliko maji, inayojipenyeza popote penye upenyo. Akasubiri muda wake. Akafuta juu mpaka kitambaa kikatoka kikavu, halafu akapuliza poda nyeupe. Kama kuna ufa, dawa iliyojificha ndani hunyonywa na poda na kuchora mstari mwekundu. Akakaa na lenzi yake akingojea. Dakika tano. Kumi. Poda ilibaki nyeupe pepepe.

Mtu mwingine angegonga muhuri akaenda zake. Yeye alibaki ameinamisha kichwa upande, vile vile alivyowahi kusikiliza ule mfuniko. Bati limesema hakuna kitu. Lakini ribiti ya tatu ilikuwa imetoa masizi. Masizi hayaanguki kutoka mbinguni.

"Tumemaliza hapo?" Msimamizi wa zamu alikuwa chini, ameshika orodha. Huyo walimwita Dakika, kwani neno hilo halikumtoka mdomoni. "Nikupe dakika ngapi? Mbili? Dawa imesema safi, gonga muhuri tusonge."

"Nataka kalamu."

"Si unayo hiyo hapo mfukoni?"

"Ile kalamu ya umeme. Ya kabatini."

Dakika aliguna. Kalamu ya umeme ni kijifimbo chenye waya. Ukikipitisha juu ya bati hupeleka umeme mdogo ndani, na kioo kidogo cha mashine huonyesha mstari uliotulia. Pakiwa na mkatiko, mstari huruka. "Kitabu kinasema kona hiyo inapimwa kwa dawa," alisema Dakika. "Hakikusema kalamu. Unaongeza chumvi kwenye chakula cha mtu."

"Kitabu hakijanikataza kuangalia mara mbili, bosi."

Dakika akampa kalamu, shingo upande. Ribiti ya kwanza, mstari umetulia. Ya pili, umetulia. Alipozunguka ya tatu mstari uliruka juu. Akarudia kutoka upande mwingine. Ukaruka tena. Moyo wake nao ukaruka, na ukweli ni kwamba haikuwa hofu, si mwanzoni. Ilikuwa furaha ya mtu aliyepata swali zuri. Ufa uko hapa, kalamu inauona. Dawa inayopenya kila mahali imekosaje kupenya?

Furaha ilimwishia alipokumbuka ni nani aliyeisafisha kona hiyo.

Alimkuta Kioo kwenye benchi lake, anapanga bisibisi kwa urefu.

"Fundi, ile kona ya mlango wa mizigo. Uliitoa rangi kwa kutumia nini?"

"Kwa dawa ya kutolea rangi. Kwani kuna nini?"

"Baada ya dawa?"

Mzee aliiweka bisibisi chini. "Baada ya dawa nikaisuuza."

"Baada ya kuisuuza?"

"Dawa huacha ukungu, Mkaguzi, unajua. Nikapitisha brashi ya mashine. Laini."

"Kitabu kinasema brashi ya mashine hapana."

"Kitabu kinawaambia wale wanaokwaruza!" Sauti ilimpanda, na fundi wa benchi la jirani akajifanya anatafuta kitu sakafuni. "Kinaogopa mikwaruzo, na mkwaruzo huzaa ufa, hilo najua kabla hujazaliwa. Nenda kamulike tochi yako. Ukiona mkwaruzo mmoja, mmoja tu, nirudishie kazi. Miaka yote hii nimepitisha brashi ile na hakuna mkwaruzo aliouona mtu."

Na ni kweli, hakuna aliyewahi kuuona mkwaruzo. Ndipo Mkaguzi alipopata jibu la swali lake. Mzee wa watu alikuwa amelisoma katazo, akaitafuta sababu yake kwa akili yake mwenyewe, akaona sababu hiyo kwake haipo, akajisamehe. Sababu aliyoipata ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba haikuwa yenyewe.

"Fundi, alumini ni laini," alisema polepole. "Nafikiri brashi inaivuta. Inaivuta juu ya mdomo wa ufa na kuufunga. Ufa unabaki chini, umefunikwa."

"Unafikiri."

"Nafikiri. Sina hakika."

Kioo angeweza kwenda kwa Dakika, na Dakika angemshukuru. Angeweza pia kuliacha hadi Jumapili, amwambie mwanawe kwamba mkewe anataka kumharibia. Badala yake alifungua droo, akaitoa ile brashi, kijigurudumu cha nyuzi si kikubwa kuliko kisoda.

"Kuna vile vipande vya bati vya kufundishia wageni," alisema. "Vyenye nyufa. Leta kimoja. Nitakisafisha mbele ya macho yako. Ufa ukipotea, nimekubali. Usipopotea, unagonga muhuri na hili halizungumzwi tena."

Walifanyia benchini, na waliokuwa karibu wakasogea mmoja mmoja, wakijidai wana shida ya spana. Kwanza walikipaka kipande dawa kilivyo. Mstari mwekundu ulichomoza kwenye poda, mrefu, umejipinda katikati. Kila mtu aliuona. Wakakiosha mpaka kisibaki hata chembe ya wekundu, wakakikausha. Kioo akafunga brashi kwenye mashine ya upepo na kuipitisha, taratibu, kwa mkono usiotetemeka, kama alivyofanya maelfu ya mara. Bati likang'aa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee hana mpinzani."

Dawa. Kusubiri. Kufuta. Poda.

Walisimama pale wameinama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Poda ilikaa nyeupe. Baadaye kidogo kikatokea kinukta kimoja chekundu, kidogo kama kichwa cha pini, mwishoni kabisa. Basi. Ufa ambao wote walikuwa wameuona kwa macho yao robo saa iliyopita ulikuwa umekwenda, na aliyeuondoa alikuwa bado ameshika mashine.

"Hebu," alisema Kioo. Akamnyang'anya Mkaguzi lenzi. Ajabu ni kwamba sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Alikuwa naye ameshikwa na hamu ya kujua. Aliinama, akageuza kipande huku na huku kwenye mwanga. "Imejipaka. Tazama hapa. Imejipaka juu kama siagi kwenye tundu la mkate. Kumbe!" Akarudia tena, taratibu, "Kumbe."

Aliinua kichwa, na uso ulikuwa umeanza kubadilika.

Walipaka tindikali nyepesi kwenye kona ya ndege, kiasi cha kula lile tabaka jembamba la juu, wakasuuza na kupima upya. Safari hii hawakusubiri sana. Mstari ulijichora kutoka ribiti ya tatu ukielekea ukingoni, milimita thelathini na moja. Dakika alipanda jukwaani, akautazama, akashuka. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu hakuhesabu dakika.

"Itabidi ikatwe na kuwekwa kiraka," alisema. "Siku nne hizo. Nani atakata?"

"Mimi," Kioo alisema.

Hapakuwa na wa kubishana naye, maana kwa viraka hakuna aliyemfikia. Kabla ya kukata, ufa husimamishwa kwanza: unautafuta mwisho wake hasa, na mbele kidogo ya mwisho huo unatoboa tundu la duara. Ufa huenda mbele kwa kuwa ncha yake ni kali na mzigo wote unaangukia pale. Ukiifikisha kwenye duara, mzigo unagawanyika kuuzunguka na ufa unakosa pa kushika. Mkaguzi aliutafuta mwisho kwa kalamu, kwani jicho hudanganya, akautia alama. Mzee akatoboa. Vumbi la alumini lilimwangukia kwenye mikono ya ovaroli, naye hakulipangusa. Alipomaliza alizima drili, akabaki amesimama akilitazama tundu.

"Mwisho wa mwezi uliopita," alisema, "ilikuja ile ndege nyingine. Pacha wa hii."

Mkaguzi aliacha kuandika.

"Kona hii hii. Niliisafisha mimi. Aliyekagua ni yule mwenzako wa zamu nyingine, akapaka dawa, ikawa safi, akagonga muhuri."

"Fundi, sijakuuliza habari za ndege nyingine."

"Najua hujaniuliza. Ilikuwa na weusi, mama. Kwenye ribiti. Niliuona, nikasema uchafu, nikaufuta."

Mkaguzi alimwonea huruma hata akataka kumshika mkono, na papo hapo akamkasirikia, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia. Kwenye karatasi za ndege ile ilikuwa imeandikwa "rangi imetolewa kwa dawa". Neno brashi halikuwepo popote. Mzee angenyamaza siku kumi na mbili, akapigiwa makofi, akaenda nyumbani na sifa yake nzima, na hakuna kiumbe ambaye angejua.

Waliingia ofisini kwa Dakika pamoja. Mzee alisimulia yote akiwa amesimama, kiti alikikataa.

"Kioo, subiri," Dakika alisema, akafunga mlango. "Huna uhakika kwamba ile nayo ina ufa. Uchafu ni uchafu tu wakati mwingine. Ndege yenyewe itarudi kwa ukaguzi mwingine, tutaitazama vizuri, bila kelele. Ukiliandika hili leo, litafunguliwa faili. Watafukua kila kona uliyowahi kuisafisha. Miaka thelathini na moja, mzee wangu! Unataka waje wakuage na faili mkononi?"

Ukweli usemwe, Dakika hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mzee, na hapo ndipo mtego ulipokuwa.

"Iko wapi sasa hivi?" Kioo aliuliza.

Dakika alitazama kompyuta. "Iko hewani. Inatua saa kumi."

"Ikitua isiruke tena. Nipe karatasi, niandike mwenyewe."

Aliandika kurasa mbili. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, umelala upande mmoja. Mkaguzi alisimama dirishani akimpa mgongo, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa maji na hakutaka mzee ayaone.

Saa kumi walikuwa nje kwenye maegesho, wameziba masikio, ndege pacha ikijisogeza hadi kwenye alama yake. Ngazi ikasukumwa. Kioo hakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mizigo kama Mkaguzi alivyotarajia. Alisimama hatua chache kutoka ngazini. Abiria wakaanza kushuka: mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wanaume wawili wakibishana juu ya begi, bibi aliyeshikwa kiwiko na mhudumu, kundi la wanafunzi wenye sare. Walimpita na kelele zao, baadhi wakimsalimia kwa adabu, wakidhani labda ndiye mkubwa wa pale. Midomo ya mzee ilikuwa inachezacheza kila mmoja alipompita, kama ya mtu anayehesabu. Hakuondoka mpaka rubani alipotoka wa mwisho na kofia yake kwapani.

Ndege ilivutwa karakanani. Safari hii aliitoa rangi ya kona kwa dawa peke yake, akaipaka tindikali, akasuuza, akakausha kwa kitambaa, akakabidhi. Ukungu ulibaki juu ya bati, mweupe na mbaya, naye akauacha ulivyo. Mkaguzi akapaka dawa nyekundu. Wakasubiri wamekaa jukwaani, miguu ikining'inia. Alipopuliza poda alijikuta anaomba kimoyomoyo kwamba isitokee kitu, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa ameomba kitu kitokee.

Mstari haukuwangojea. Ulitoka ribiti ya tatu, ukapita ya nne, ukaendelea kwenye bati tupu hadi mbele ya tano.

Dakika, aliyekuwa amesimama chini, alisikika akivuta pumzi. Mkaguzi alimpa mzee rula, akafungua kijidaftari tayari kuandika urefu.

"Ngapi?" aliuliza.

Kioo aliilaza rula sambamba na mstari. Hakuisoma.

"Mia moja arobaini na sita," alisema. "Na wahudumu wanne, na marubani wawili."